Mpangaji wa nyumba na mpangaji wa mji

Swali

Assalaam alaykum. Nakaa ghorofa ya tatu katika majumba ya maendeleo, hapa mjini Unguja. Babu yangu alivunjiwa nyumba yake ya mitaa ya Ng'ambo, hapahapa mjini, akapewa fleti hii, na ndimo nilimozaliwa. Mwezi uliopita sheha alituita mkutanoni. Wakaja maafisa na mchoro: majumba yatatengenezwa, na uwanja wa nyuma, tunapoanika nguo na watoto wanapocheza, utakuwa maegesho ya gari na maduka. Tulikuwa hatuzidi watu kumi na tano, wanawake wanne. Tukaulizwa kama tuna maoni. Mzee mmoja akauliza habari ya maji, maana huku juu hayapandi, akaambiwa hilo si la mradi huu. Tukatia saini, tukapewa soda, tukaondoka. Sasa nasikia kila pahala kwamba wananchi wameshirikishwa na wameridhia. Kweli hapo tumeshirikishwa? Na tufanye nini kabla jambo halijapita?

Jibu

Wa alaykum salaam, dada yangu. Hamkushirikishwa, mmearifiwa. Na kwa ile karatasi mliyotia saini, huenda kwenye faili mmeshahesabiwa kuwa mmekubali. Nitaanza na karatasi hiyo kwa sababu ndiyo yenye haraka.

Nimefanya kazi ya mipango miji zaidi ya miaka thelathini, na karatasi za namna hiyo nimezikusanya mimi mwenyewe kwa mamia. Zina safu nne: namba, jina, simu, saini. Juu mara nyingi hapana kitu, au pameandikwa "Mahudhurio" tu. Ikifika ofisini inabanwa nyuma ya ripoti, na ndani ya ripoti kuna sura inayoitwa "Ushirikishwaji wa wananchi", yenye aya mbili na picha moja ya watu waliokaa kwenye viti vya plastiki. Aya ya kwanza inasema mkutano ulifanyika tarehe fulani. Ya pili inasema wananchi waliupokea mradi kwa moyo mkunjufu. Aliyeandika wala hakukusudia kudanganya. Anakumbuka kwamba hakuna aliyepinga, watu walikunywa soda, wakaagana vizuri. Basi saini ya kuhudhuria inageuka saini ya kuridhia, na hakuna aliyeiona ilipogeuka.

Kwa hivyo wiki hii, msingoje wiki ijayo, andikeni barua ya ukurasa mmoja. Isiwe ya matusi wala ya machozi. Iseme mambo manne kwa utulivu: kwamba nyinyi mliotia saini mlihudhuria mkutano wa tarehe hiyo; kwamba hamkuombwa kuridhia jambo lolote na hamkuridhia; kwamba mliuliza kuhusu maji na hamkupata jibu; na kwamba mnaomba nakala ya muhtasari wa mkutano pamoja na nakala ya mchoro. Mkipenda, ongezeni kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Ielekezeni kwa ofisi iliyoleta mchoro, nakala kwa sheha, kwa diwani na kwa baraza la manispaa. Watie saini walewale waliohudhuria, na chini yao waongezeke majirani ambao hawakuwapo. Karatasi hujibiwa kwa karatasi. Ofisini mtu akija kulalamika kwa mdomo, tunampa kiti, tunamsikiliza, akitoka tunaendelea na kazi. Barua iliyosajiliwa haina njia ya kusahaulika, lazima mtu aijibu au aeleze kwa nini hakuijibu.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Mwaka 1969 Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, aliyekuwa amefanya kazi serikalini kwenye miradi ya kufufua mitaa duni, aliandika makala akafananisha ushiriki wa raia na ngazi ya vidato vinane. Vidato viwili vya chini kabisa si ushiriki hata kidogo, ni watu kuchezewa na kutulizwa. Cha tatu ni kuarifiwa, cha nne kuulizwa maoni, cha tano kupewa kiti cha kukaa bila nguvu ya kuamua. Kuanzia cha sita ndipo pana kuamua pamoja, na cha nane wananchi wenyewe wanashika usukani. Wewe unakaa ghorofa ya tatu, ngazi unazijua. Mkutano wenu ulisimama kidato cha tatu, ukachungulia cha nne kidogo pale mlipoulizwa kama mna maoni, kisha ukashuka. Kumuuliza mtu maoni baada ya mchoro kukamilika, rangi zimeshapakwa na maduka yameshachorwa milango, ni sawa na kumuuliza mgeni atakula nini wakati sinia liko mbele yake.

Mimi huwa sivutiwi sana na ngazi hiyo, maana hufanya watu wadhani kila jambo lazima lifike kidato cha nane. Sivyo. Nguzo za jengo hazipigiwi kura. Kama mhandisi amesema chuma ndani ya zege kimeoza, hapo anatakiwa aeleze, aonyeshe, ajibu maswali, lakini uamuzi wa nguzo ni wa fani yake. Matumizi ya uwanja wa nyuma je? Hapo mhandisi hana elimu kuliko wewe. Swali la kumuuliza afisa yeyote anayekuja na mchoro, na liwe la kwanza kabla hata hajafungua kompyuta yake, ni hili: "Katika haya uliyotuletea, ni lipi bado linaweza kubadilika?" Akijibu "yote", hajasema kweli. Akijibu "hakuna", basi mkutano ni wa taarifa, na uandikwe hivyo. Akitaja mambo mawili matatu, hapo kazi imeanza, na msipoteze saa nzima kwenye mengine.

Kiswahili kina jambo linalonichekesha na kunifundisha kila nikilikumbuka. Mpangaji ni yule aliyepanga nyumba, anayekaa na kulipa kodi. Mpangaji ni yuleyule tena aliyekaa ofisini akapanga mji. Neno moja, na watu wawili ambao mara nyingi hawajawahi kupanda ngazi moja.

Majumba yenu yenyewe yalizaliwa na mpangaji wa pili bila ya wa kwanza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya serikali, na Mzee Karume alitaka wanyonge wa Ng'ambo wakae kwenye nyumba za kisasa. Wakaja wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Yakaanza majumba ya Kikwajuni na Kilimani, ukafuata mpango wa mji wa 1968, kisha Michenzani, majumba marefu kama treni yanayokutana msalaba kwenye mzunguko. Nyumba za udongo zilizokuwa na baraza mbele na ua nyuma zikavunjwa kupisha njia. Sitaki kuwabeza waliofanya kazi ile. Wengi walipata umeme, mfereji ndani ya nyumba na choo cha kuvuta kwa mara ya kwanza maishani mwao, na wapo wazee wanaolisimulia hilo mpaka leo kwa shukrani. Na wananchi walishiriki, ndiyo, kwa jasho: walibeba mchanga na matofali katika kujenga taifa. Ila mikono ndiyo iliyoitwa. Hakuna aliyemuuliza bibi yako atakaa wapi jioni baada ya Alasiri, atatwangia wapi, jirani akija atapokelewa wapi bila ya kuingizwa chumbani.

Mkajibu wenyewe, polepole, kwa miaka hamsini. Tembea Michenzani uangalie kwa jicho la mgeni. Roshani imezibwa ikawa chumba cha watoto. Chini pamejengwa baraza ya saruji ambayo haimo katika mchoro wowote, na jioni wazee wanacheza bao hapo. Pana vibanda, pana banda la kuku, pana kamba za nguo. Wenzangu wengi huviita uchafu wa mji. Mimi kila roshani iliyozibwa kwa matofali naihesabu kuwa ni maoni yaliyochelewa kuulizwa.

Nami nilifundishwa hili kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilipeleka mchoro wa majumba ya ghorofa kwenye mkutano wa shehia moja. Niliuandaa vizuri, hadi miti nilipaka kijani. Nikaeleza dakika arubaini. Mzee mmoja wa nyuma akanyanyuka, akaja taratibu mpaka mbele, akaweka kidole kwenye ngazi, pale zinapopinda kati ya ghorofa na ghorofa. Akaniuliza: "Jeneza litapita vipi hapa?" Nikanyamaza. Nikachukua rula nikapima palepale mbele ya watu. Upana ulikuwa wa mita moja na kidogo. Jeneza ni refu kuliko hapo, haligeuki kwenye kona ile ila mlisimamishe wima. Mzee akasubiri nimalize kupima, akasema: "Mnataka tumsimamishe maiti?" Akarudi kukaa. Mchoro ulibadilishwa, pale pa kugeukia pakapanuliwa. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na vitabu, na ndani ya vitabu vile hakuna aliyekufa ghorofa ya nne. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini ona bahati yangu: yule mzee alikuwapo. Safari nyingine hakuwapo mtu. Tuliitisha mkutano kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, Jumanne saa nne asubuhi, habari ya kisima na njia za ndani. Wakaja wanaume kumi na wawili na mwanamke mmoja aliyekuwa mgonjwa. Nikarudi mjini nikaandika kwamba wanawake wa kijiji kile hawana mwamko. Aibu yangu hiyo. Siku ile ilikuwa bamvua. Maji yamekupwa mpaka mbali, na kila mwanamke mwenye shamba la mwani alikuwa baharini tangu asubuhi, kwa sababu bamvua haimsubiri afisa. Ingetosha kumuuliza mtu mmoja tu kabla ya kupanga siku. Na asiyekuwapo na lake halipo: kisima kilichimbwa karibu na nyumba za wenye kuhudhuria.

Mjini hakuna bamvua, ila kuna saa ya maji. Nyinyi mnajua ni saa ngapi mfereji wa chini unatoka na wanawake wanapanga madumu. Kuna saa ya kuwapeleka watoto chuoni kusoma Kurani, kuna saa ya kuchoma mandazi, na kuna mwezi mzima wa Ramadhani ambao mkutano wa saa kumi jioni haumpati mpishi yeyote. Afisa akisema mkutano ni Jumatatu saa tatu asubuhi, mnao uwezo wa kumwambia: hapana, njoo Jumamosi baada ya Isha, na njoo mara mbili, siku moja mkae na wanawake peke yao ngazini. Hilo la kukaa na wanawake peke yao nalisisitiza. Mkutano wa mchanganyiko wa kwetu wenye wanawake wanne na wanaume kumi na mmoja ni mkutano wa wanaume.

Nani mwenye neno? Hapa watu wengi hupotea, wakamlaumu sheha kwa yasiyo yake. Sheha hachaguliwi kwa kura, huteuliwa chini ya sheria ya tawala za mikoa. Ni mlango wa serikali katika shehia: hupeleka na huleta, huitisha mkutano. Muheshimuni na mmpe nakala ya kila kitu, lakini hana ridhaa yenu mfukoni. Diwani ndiye wa baraza la manispaa, na manispaa ndiyo yenye mambo ya taka, vibanda, misingi ya maji ya mvua na maegesho. Majumba ya serikali yana shirika lake, Shirika la Nyumba la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Mchoro wa mtaa ni wa idara ya mipango miji, hati ya ardhi ni ya Kamisheni ya Ardhi, maji ni ya ZAWA na umeme ni wa ZECO. Ndiyo maana mzee wenu aliambiwa maji si ya mradi huu. Kwa karatasi za ofisi jibu lile ni sahihi, na kwa mtu wa ghorofa ya tatu ni upuuzi, kwa sababu dumu halijui mipaka ya idara. Kwa hivyo muombe kwa maandishi kwamba katika mkutano unaofuata, wa maji na wa umeme wawemo ndani ya chumba kimoja na mwenye mchoro. Naomba uniamini katika hili: mara nyingi sisi maafisa hukutana wenyewe kwa wenyewe kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa wananchi.

Kisha jiulizeni nyinyi wenyewe nani anamiliki nini, maana naona hapo ndipo patakapovutana. Katika jumba moja wapo waliopewa fleti kuwa fidia, kama babu yako. Wapo waliorithi wakawa ndugu saba kwenye jina la marehemu. Wapo walionunua kwa karatasi ya mkono. Na wapo waliopanga kwa hao wote. Zanzibar inayo sheria ya kondominium tangu 2010, inayomwezesha mtu kusajiliwa fleti yake huku ngazi, paa, tangi na uwanja vikawa vya pamoja, chini ya jumuiya ya wenye fleti. Ulizeni kama jumba lenu limesajiliwa hivyo. Kama limesajiliwa, jumuiya hiyo ni chombo cha kisheria na hakirukwi. Kama halijasajiliwa, kamati yenu ni ya hiari, haina meno ya sheria, ila ikiwa na orodha kamili ya fleti zote na saini zao, hakuna afisa mwenye akili atakayeipuuza. Na matengenezo haya ndiyo wakati wa kudai usajili. Baada ya rangi mpya kupakwa hamtakuwa na cha kudaia.

Nakuja kwenye uwanja. Kwenye ramani yenu umeandikwa "eneo tupu", naweza kuapa bila kuuona mchoro. Tangu 2016 visiwa vyetu vilipigwa picha kutoka juu kwa droni ndogo, kazi nzuri sana ambayo Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki, na tunaitumia kila siku. Lakini picha ya juu huchukua dakika moja. Kama dakika ile kamba haina nguo na watoto wako skuli, uwanja ni mtupu. Sasa nyinyi pigeni picha ya wiki nzima. Chukueni daftari, mstari mmoja kwa kila saa tangu Alfajiri mpaka usiku, siku saba, ijumaa iwemo. Andikeni: watu wangapi, wanafanya nini. Kamba ngapi za nguo. Watoto wangapi wanacheza, wa umri gani. Mama gani ameweka meza ya urojo na anauza mpaka saa ngapi. Gari ngapi zimeegeshwa tayari, na za nani, maana wenye gari nao ni wakaazi na wana haki yao. Kama kulikuwa na harusi au msiba, turubali lilisimamishwa wapi na lilichukua hatua ngapi. Wagawieni kazi hiyo vijana wa skuli, wataipenda. Fanyeni vilevile kwa maji: ghorofa kwa ghorofa, saa yalipotoka, saa yalipokatika, madumu mangapi yamepandishwa na nani kayapandisha. Mkienda mkutanoni na daftari mbili hizo, hamwendi tena na "maoni", mnakwenda na vipimo ambavyo ofisi haina, na mtaalamu huona haya kubishana na vipimo kwa maneno.

Usidhani haya ni ndoto za vitabuni. Hapahapa Ng'ambo, katika miaka ya 2010, idara ya mipango miji ikishirikiana na jiji la Amsterdam iliendesha kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, ambamo watu waliulizwa kwanza nini katika mitaa yao kina thamani, kisha ndipo mpango ukachorwa: mabaraza, viwanja, sinema za zamani, mahali pa ngoma. Haikutatua kila kitu. Lakini ilithibitisha kwamba kuuliza kabla ya kuchora kunawezekana Zanzibar. Kwa wenzetu, Denmark imefika mbali zaidi: katika vyama vya nyumba za jamii wapangaji ndio walio wengi kwenye bodi, na bajeti ya jumba hupitishwa na wakaazi wenyewe. Uingereza walijifunza kwa msiba. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jumba la Grenfell Tower, London, liliungua wakafa watu 72. Lilikuwa limetoka kutengenezwa karibuni, likavishwa ngozi mpya ya nje, na ngozi hiyo ndiyo iliyoupandisha moto. Wakaazi walishaandika miezi kadhaa kabla kwamba usalama wa moto katika jumba lao ni mbaya na hawasikilizwi. Sheria ya kuwapa wapangaji sauti zaidi ilipitishwa 2023. Nimelitaja hili kwa sababu nanyi mnatengenezewa jumba. Ulizeni ngazi za kukimbilia, ulizeni nyaya, ulizeni vibanda vya gesi chini ya ngazi, hata kama kimoja ni cha binamu yako.

Maana na nyinyi si malaika, uniwie radhi. Nimeona kamati za wakaazi zilizokuwa mbaya kuliko ofisi. Mwenye kibanda cha chini anataka maduka kwa sababu anajua litakuwa lake moja. Wa ghorofa ya juu hana haja na uwanja, ana haja na pampu. Mwenye fleti anayekaa Dubai anapigiwa simu kwa heshima, na mpangaji wake anayelala humo kila siku haitwi kikaoni. Na siasa, dada yangu, wewe ni Mzanzibari, sina haja ya kukueleza. Kamati ikianza kunuka maskani ya chama hiki au kile, nusu ya jumba itafunga mlango. Wekeni mjumbe mmoja mwanamke na mmoja mwanamme kwa kila ngazi, wachaguliwe na wanaotumia ngazi hiyo, wenye fleti na waliopanga sawasawa. Fedha zikichangwa, ziandikwe ukutani kwenye mlango wa chini, senti kwa senti. Mkikosa kuaminiana juu ya shilingi elfu mbili za balbu, msitegemee kuaminiwa juu ya uwanja.

Kwenye mkutano wa pili yatakuwapo mambo ambayo mtu husahau kuuliza kwa sababu ya furaha ya kuona jengo jipya. Mtakaa wapi wakati wa matengenezo, na nani analipa kodi ya huko? Haki ya kurudi kwenye fleti ileile imeandikwa wapi, kwa jina la nani, na muda ukipita je? Nendeni Kwahani, ambako nyumba za zamani zilivunjwa yakajengwa majumba ya ghorofa, mkae na watu mkawaulize swali moja: nini mngeandikishana mapema zaidi? Halafu kuna fedha za baadaye. Pampu mpya ina mita yake ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, na mita hiyo inataka kulishwa. Nani ataijaza? Ikizimika ijumaa usiku, nani anapigiwa simu? Maduka yakijengwa uwanjani kwenu, kodi yake inaingia wapi? Hapo mimi ningesimama imara: kama maduka lazima yawepo, basi sehemu ya kodi ilipe pampu, taa za ngazi na mfagiaji. Ombi hilo linajadilika, na ofisi nyingi zingelipokea vizuri kuliko kusikia "hatutaki maduka".

Jambo jengine la kuuliza ni fedha za mradi zinatoka wapi. Kama ni za Benki ya Dunia, mfano wa mradi wa BIG-Z wa Zanzibar, basi kanuni zake zinataka kuwe na mpango wa kuwashirikisha wananchi uliochapishwa hadharani, mpango wa fidia kwa watakaohamishwa, na njia rasmi ya kupeleka malalamiko. Nyaraka hizo ziko wazi, mkiziomba kwa jina hawawezi kusema hazipo. Kama ni fedha za serikali au za muekezaji, njia yenu ni ile niliyokueleza, pamoja na mwakilishi wenu katika Baraza la Wawakilishi, anayeweza kumuuliza waziri kwa mdomo wake.

Ile saini ya mwanzo isijirudie. Safari hii mwenyekiti wa kamati awe na karatasi yenu wenyewe, juu imeandikwa kwa mkono: "Waliohudhuria tu. Saini hii si ridhaa." Katibu wenu aandike muhtasari papo hapo, ausome kwa sauti kabla watu hawajanyanyuka, afisa atie saini chini yake na nyinyi mtie. Soda zinywewe baada ya hapo. Afisa mzuri hatakasirika, atapumua, kwa sababu muhtasari wa namna hiyo humlinda na yeye siku mradi ukiharibika. Mkishindwa hoja, na mnaweza kushindwa, ombeni sababu ya kukataliwa iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo.

Kuna ukweli mmoja wa upande wa pili, nao nausema ili msije mkashtuka nao. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Kila kipande cha ardhi karibu na Darajani kina watu kumi wanaokitazama, na hoja kwamba mji unahitaji maegesho ni ya kweli. Hamtaweza kuilinda kila hatua ya uwanja wenu kwa kusema ni wenu tangu zamani. Daftari likionyesha kwamba upande wa mashariki hautumiki ila na gari mbili mbovu, basi nyinyi wenyewe upelekeni upande huo mezani, na muwaambie hapa pana nafasi ya gari ishirini, pale penye kamba na watoto muache.

Anza na ngazi yako, dada. Milango ya ngazi moja unaizunguka jioni moja kati ya Magharibi na Isha, watu wanakuwapo. Na ile barua ichapwe nakala mbili: moja waibakishe, ya pili warudishe ikiwa na tarehe na muhuri. Karani akikwambia iache tu, mkubwa ataiona, wewe kaa kwenye benchi usubiri muhuri.